Kipanga na Nembo Mbili

Si zamani sana, wala si mbali sana, ingawa mkiulizwa semeni ni mbali, palikuwa na nchi iliyoitwa Taratibu. Jina hilo, kama mjuavyo, lina maana mbili: kuna taratibu za kufuatwa, na kuna kwenda taratibu. Waasisi wa nchi hawakueleza walikusudia ipi, na wananchi, kwa kuwa ni watu watiifu, wakaamua kuzitekeleza zote mbili.

Nchi hiyo ilikuwa na kiwanda kimoja cha magari, mali ya serikali, nacho kilitoa magari ya nembo mbili tu. Nembo ya kwanza iliitwa Mwananchi. Hilo lilikuwa gari la watu wote. Lilipakwa rangi ya vumbi ili lisihitaji kuoshwa, na kwenye boneti lilikuwa na alama ya mkono unaopunga, kama wa mtu aliyesimama kando ya barabara kumpungia mkubwa anayepita. Nembo ya pili iliitwa Mheshimiwa. Hilo lilikuwa jeusi, lenye vioo vyeusi na mapazia nyuma ya vioo, honi yake ilikuwa na sauti tatu, na alama yake ilikuwa kiti. Sheria ya barabarani ilikuwa fupi, hata watoto wa chekechea waliiimba: Mwananchi hampiti Mheshimiwa. Akimwona nyuma, ampishe. Akimkuta mbele, amfuate.

Na kumfuata kulitaka subira, maana katika Taratibu ukubwa wa mtu ulipimwa kwa kuchelewa kwake. Karani alifika saa aliyoitwa. Mkurugenzi alifika chai imepoa. Waziri alifika watu wameanza kusinzia. Mkuu Mwenyewe aliwahi kuchelewa sherehe za uhuru hadi siku ya pili yake, na tangu hapo nchi nzima husherehekea uhuru siku moja baada ya kuupata, ili kumbukumbu zisimsute.

Katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja, Hatibu, Mnenaji wa Kamati ya Nembo. Kazi yake haikuwa kuamua kitu. Wajumbe wakishasema, yeye aliyarudia maneno yao kwa ufasaha, mpaka wenyewe wakatikisa vichwa na kushangaa kumbe walikuwa na akili kiasi hicho. Alikuwa na suti ya kijivu, sauti ya kupendeza, na dada mkubwa aliyeitwa Tunu. Tunu ndiye aliyemsomesha, kwa kutengeneza pikipiki za mtaa mzima uani kwao, na sasa alikuwa mhandisi katika kile kile kiwanda.

Utotoni Hatibu hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na mdomo mwepesi tu. Tunu akiramba sukari ya wageni, yeye alisimama mlangoni na kusema, "Nitakusemea kwa mama!" Na kweli alimsemea. Tunu akichapwa, Hatibu alilia kuliko yeye, jambo ambalo halikumpunguzia Tunu hata fimbo moja.

Sasa sikilizeni kosa la Tunu la ukubwani. Yeye na mafundi wenzake, kwa spea zilizokataliwa na nembo zote mbili, waliunda gari jekundu, fupi, lililolala chini kama paka anayenyemelea, lenye injini ambayo haikupata kusikika katika Taratibu. Walilipa jina la Kipanga. Halikuwa na mapazia, halikuwa na rangi ya vumbi, na pale mbele, mahali pa alama, palikuwa na matundu mawili ya skrubu yaliyosubiri kuambiwa gari hili ni la nani.

Walilijaribu siku ya uhuru, wakati taifa zima limejazana uwanjani kumngoja Mkuu na barabara ni tupu. Tunu alishika usukani, Hatibu akaketi kando yake. Kipanga alipoondoka, Hatibu alihisi mgongo wake unagandamana na kiti, halafu kitu fulani kikafunguka kifuani, akaanza kucheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu aajiriwe. Mbele yao, katikati ya Barabara ya Heshima, likaonekana gari jeusi likijikokota.

Tunu akatoa mguu kwenye mafuta. "Mheshimiwa huyo."

"Mpite!" akapiga kelele Hatibu.

"Wewe, una wazimu?"

"Mpite, dada! Mpite!"

Tunu alimwangalia mdogo wake jinsi macho yalivyomng'aa, na kwa kuwa hajawahi kumnyima kitu, akakanyaga. Gari jeusi likabaki nyuma na mapazia yake yakipepea. Ndani, kama Hatibu alivyojua kwa namba ya gari, alikuwamo Mheshimiwa Baragumu, Waziri wa Barabara na Heshima, Mwenyekiti wa Kamati ya Nembo. Aliamka, akamuuliza dereva ni nini kile, na dereva, mtu mwenye watoto, akajibu kwamba ni upepo.

Walipolirudisha gari kiwandani, Tunu alifuta vumbi kwenye boneti kwa kanga yake. "Kamati inakaa lini kutupa nembo?"

"Jumatatu."

"Sisi tunataka ya Mwananchi, Hatibu. Watu walau wawe na kitu kimoja kizuri chenye jina lao. Utanisemea?"

"Nitakusemea, dada."

Tunu akacheka. "Ile ya watu wazima, au ile ya sukari?"

"Ah, dada nawe! Ya watu wazima."

Jumatatu ilifika kwa wakati, kwa kuwa Jumatatu si mheshimiwa. Kamati ilianza baada ya Mwenyekiti Baragumu kuwasili, yaani karibu na Jumanne. Msije mkadhani nembo mbili ziligombania gari lile zuri. Zilikuwa zikisukumiana.

Msimamizi wa nembo ya Mwananchi, Bwana Kilimba, alisimama kwanza. "Waheshimiwa, mwananchi wetu amezoea kuelezwa kwamba maendeleo yako mbele. Akipewa gari hili, atakwenda huko mbele kuangalia! Mimi sitaki kuwepo siku atakaporudi."

Wajumbe wakagonga meza. Hatibu akarudia maneno hayo kwa ufasaha, yakasikika kama dua.

Msimamizi wa nembo ya Mheshimiwa, Bi Stara, mwanamke mwenye miwani ya dhahabu, akasema, "Msitutwike sisi. Mheshimiwa akipanda hili, atafika mapema. Akifika mapema hatakuta watu. Asipokuta watu, nauliza, atakuwa mheshimiwa wa nani?"

Wakagonga meza zaidi. Mjumbe mmoja mgeni, ambaye bado alikuwa hajajua kukaa na wakubwa, alipendekeza iundwe nembo ya tatu. Chumba kikapoa. Bi Stara akamweleza kwa upole kwamba nembo ya tatu ingehitaji watu wa aina ya tatu, na nchi haina bajeti ya kuwatafuta.

Ndipo Mwenyekiti Baragumu alipokohoa. Alikuwa mtu mnene, mchovu, asiyependa makuu, na ni haki kusema kwamba siku hiyo alitaka kuwasaidia. "Mimi nauliza hivi. Hilo gari linakimbia kweli, au ni maneno ya gereji? Maana kama halikimbii, hakuna tatizo. Tunalipiga rangi ya vumbi, tunalibandika mkono, linakuwa Mwananchi, tunakwenda kula."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, mabibi na mabwana, tena wazi kabisa. Hatibu alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Lakini moyo ulimjaa. Alimkumbuka Tunu na kanga yake juu ya boneti, akaona ni aibu gari la dada yake kuitwa maneno ya gereji, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akasema maneno yake mwenyewe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, linakimbia! Hakuna gari duniani linalokimbia hivyo! Siku ya uhuru, pale Barabara ya Heshima, lilikupita wewe hapo ulipo kama vile umeegeshwa!"

Alilisema vizuri sana. Sauti yake ilizunguka chumbani, ikarudi, ikamkuta bado ameinua mkono.

"Kumbe haukuwa upepo," akasema Baragumu taratibu. "Nani alikuwa akiendesha?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kuanguka na kuzimia. Wajumbe wengine walifanya hivyo kwa mambo madogo kuliko hilo. Aliwatazama, nao wakamtazama, na akahisi ule mdomo wake mwepesi unafunguka wenyewe, kama zamani, pale mlangoni.

"Tunu. Mhandisi Tunu."

"Na wewe umejuaje?"

"Nilisimuliwa," akasema Hatibu.

Adhabu ya kumpita Mheshimiwa haikuwa jela. Taratibu ni nchi yenye utu. Aliyepita alirudishwa nyuma, basi, kwa maisha yake yote. Kwenye kila foleni asimame wa mwisho, na atakayekuja baadaye asimame mbele yake. Kwenye kila mlango atangulize wengine wote. Asikilizwe mtu mwingine yeyote kabla yake, atibiwe mwingine yeyote kabla yake, na azikwe, siku ikifika, baada ya kila aliyefika makaburini siku hiyo.

Kuhusu Kipanga, Kamati ilifikia uamuzi ambao magazeti yote mawili, yaani lile la asubuhi na lile lile la jioni, yaliuita wa kihistoria. Gari lipewe nembo zote mbili. Mbele libandikwe kiti, ili walio mbele walipishe. Nyuma libandikwe mkono, ili walio nyuma waweze kulipita. Lipakwe rangi nyeusi, liwekewe vioo vyeusi na mapazia. Na kwa kuwa uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo cha ugomvi wote ni injini, injini itolewe. Gari lisukumwe kwa mikono katika maandamano ya kitaifa, na wasukumaji wawe walioliunda, kwa sababu ndio wanaolifahamu. Hatibu alipandishwa cheo, akawa Mnenaji Mwandamizi, kwa uaminifu wake.

Alimkuta Tunu kwenye foleni ya maji, bombani. Alikuwa wa mwisho, na ndoo yake ilikuwa kavu. Tangu asubuhi kila aliyefika aliingia mbele yake, wengine wakimwambia "samahani, dada," wengine wasiseme kitu. Hatibu alitaka kusimama kando yake, lakini askari wa foleni akamwonyesha kwa kirungu: mbele. Sheria ilimtaka kila mtu asimame mbele ya Tunu. Kwa hiyo Hatibu alisimama mbele ya dada yake na kumpa mgongo, na hivyo ndivyo alivyomwomba radhi, akitazama kisogo cha mtu mwingine.

"Dada, mimi nilikuwa nakusemea."

"Ndiyo," sauti ya Tunu ikaja kutoka nyuma. "Umenisemea."

"Nilikusudia ile ya watu wazima."

Aibu ilimpanda Hatibu kutoka miguuni hadi masikioni, akashukuru kwamba amegeukia kule. Angeona nafuu kama angetukanwa.

"Umekonda," akasema Tunu. "Huko kwenye cheo hawali?"

Yakaja maandamano ya kitaifa. Magari ya Waheshimiwa yalipangwa juu ya kilima cha Ikulu kwa ukubwa wa waliomo, Mkuu Mwenyewe akiwa mbele, na Kipanga aliwekwa mwisho kabisa. Ndani yake alitakiwa kuketi Mwenyekiti Baragumu, lakini Baragumu alikuwa bado nyumbani akichelewa. Gari tupu haliwezi kupigiwa makofi. Hatibu alitazama huku na huku. Vioo vilikuwa vyeusi. Nani angejua? Na tangu awe Mnenaji alikuwa akijiuliza, faraghani, kile kiti cha nyuma kina ulaini gani.

"Mheshimiwa amechelewa," akawaambia wasukumaji bila kumtazama Tunu machoni. "Namwakilisha."

Akaingia, akafunga mlango. Kiti kilikuwa laini kweli. Kupitia kioo kidogo cha dereva, ambako hakukuwa na dereva, aliona kipande cha dirisha la nyuma, na katika kipande hicho mikono miwili ya dada yake, vidole vimefunguka, imebandikwa juu ya kioo karibu na alama ya mkono unaopunga. Mikono ile ilisukuma. Gari likaanza kwenda. Hatibu akainamisha kichwa, na hakukiinua tena mpaka alipohisi kilele kimeisha na mteremko umeanza.

Sasa, Kamati ilikuwa imetoa injini, lakini haikutoa umbo. Kipanga aliundwa ateleze, na mteremko wa Ikulu ni mrefu. Aliwatoka wasukumaji mikononi. Hatibu alisikia Tunu akipiga kelele, "Breki, Hatibu! Breki ya mkono!" lakini yeye alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kiti cha wakubwa, na kutoka kiti hicho hakuna kitu chochote kinachofikika. Kipanga akampita mkurugenzi. Akawapita mawaziri, mmoja baada ya mwingine, na wote, wakiona alama ya kiti ikiwajia kwenye vioo vyao, walipisha kwa heshima. Mwisho akampita Mkuu Mwenyewe, akaingia uwanjani peke yake, akapasua marobota ya bendera za karatasi na kusimama chini ya jukwaa. Saa ya uwanja ikagonga. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Taratibu, kitu chenye alama ya kiti kilikuwa kimefika kwa wakati, na bendi, ambayo haikuwahi kuona hali hiyo, ikapiga wimbo wa taifa.

Kwa kuwa wimbo ulikuwa unapigwa, umati wote ulikuwa umeinama, kama sheria inavyotaka. Hatibu alitoka kwa kutambaa chini ya bendera, akajikung'uta suti, akasimama mahali pake karibu na kipaza sauti. Hakuna aliyemwona.

Uchunguzi ulifanyika kesho yake. Wasukumaji walisafishwa mara moja, maana mtu aliye nyuma ya gari hawezi kumpita mtu. Mwenye hatia ni aliyekuwa ndani. Mwenyekiti Baragumu alisoma kwa sauti nzito kwamba aliyempita Mkuu Mwenyewe, ndani ya mipaka ya nchi hakuna nyuma ya kumtosha. Atavushwa mpaka usiku huo huo bila viatu, na jina lake halitatamkwa tena na ndugu zake. Swali lilikuwa moja tu: nani alikuwa ndani? Na kwa mujibu wa cheo, swali liliulizwa na Mnenaji Mwandamizi.

Tunu aliletwa mbele ya Kamati baada ya mashahidi wote. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Alikuwa amejaribu kulishika gari lisiondoke. Hatibu alisimama. Alijua kinachotakiwa kusemwa. Ni maneno mawili tu, "Ni mimi," na mtu mwenye sauti kama yake angeyasema vizuri sana. Aliyatafuta mdomoni, akayapata, yalikuwa pale pale chini ya ulimi.

"Shahidi," akasema, "nani alikuwa ndani ya gari?"

Dada yake alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Hakukuwa na hasira machoni pake. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani, anapotoka chumbani kwa mama na alama za fimbo miguuni na kumkuta yeye amekaa kizingitini analia.

"Sikuona, waheshimiwa," akasema Tunu. "Mimi nilikuwa nyuma."

Kamati ikagonga meza. Jibu lilifuata sheria neno kwa neno. Baragumu alifuta jasho, akatamka kwamba gari lilikwenda lenyewe, kwa mapenzi kwa taifa, na akamwomba Mnenaji Mwandamizi aliseme jambo hilo vizuri. Hatibu akalisema vizuri. Kuna wajumbe walilia.

Kisha wote wakatoka kwenda kula. Alitoka Baragumu, akatoka Bi Stara, akatoka Bwana Kilimba, wakatoka askari na wafagizi. Wakabaki wawili. Hatibu alifika mlangoni, akasimama, akasogea kando. Alishika mlango kwa mikono miwili, ukiwa wazi, akimtazama dada yake, na midomo yake mara hii haikutoa kitu.

Tunu alingoja. Huko nje askari wa foleni alichungulia.

"Pita, mdogo wangu," akasema Tunu. "Usinitie matatani."

Akapita.